Kilomita 50 hadi kwa bibi: Mama na binti wakanyaga baiskeli kutoka Tanga kwenda Pangani

Tanga ni mji wa baiskeli. Mgeni anayeshuka stendi asubuhi huliona hilo kabla hata hajauliza bei ya chai. Mji umelala tambarare kando ya bahari, mitaa ya Ngamiani imepangwa kwa namba kama mistari ya daftari, na hakuna kilima cha kumshusha mtu kwenye kiti. Fundi cherehani, mwalimu, muuza kahawa, mzee anayewahi msikitini, wote wanakanyaga pedali.

Lakini simama kando ya barabara uhesabu wanaopita. Utaona wengi ni wanaume. Akina mama wapo, ila wasichana wa sekondari ni wa kutafuta. Msichana akiwa darasa la tatu huendesha baiskeli ya kaka yake mtaani mpaka jua linazama na hakuna anayesema neno. Akifika darasa la saba anaambiwa ashuke, amekuwa mkubwa.

Suala hilo liliingia nyumbani kwetu Desemba, majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yalipotoka. Binti yetu ana miaka 14. Alipangiwa sekondari ya kata iliyo kilomita saba kutoka nyumbani. Tangu mwaka 2016 ada ya shule hizo imefutwa, nasi tunashukuru, lakini hakuna aliyefuta umbali. Daladala inayopita upande ule ni ya kubahatisha, na makondakta wengi wakiona sare ya shule hugeuza uso, maana nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Bodaboda ni Sh1,500 kwenda na Sh1,500 kurudi. Kwa siku tano za masomo ni Sh15,000. Kwa wiki kumi ni Sh150,000, bei ya baiskeli nzuri ya mtumba pale Ngamiani.

Tena kuna lile ambalo kila mzazi wa binti analijua. Linaitwa lifti. Kijana wa pikipiki anamwona msichana anatembea juani, anasimama, anampakia bure. Kesho anampakia tena. Wiki ya pili kuna chipsi. Wiki ya tatu kuna simu. Walimu wa sekondari za kata wanaweza kukusimulia jinsi hadithi hiyo inavyoishia, na wanaisimulia kwa huzuni kwa sababu wameisimulia mara nyingi.

Binti akaomba baiskeli. Baba yake hakukataa, ila alisema jambo ambalo wanaume wengi wa pwani wangesema: "Mama akubali kwanza." Mama ni mama yake mzazi, bibi yetu wa Pangani, ambaye kwenye simu alikwishatoa hukumu kuwa mtoto wa kike hapandi baiskeli akiisha kuvunja ungo. Mume wangu akacheka, akasema, "Basi mwendeeni kwa hiyo hiyo baiskeli, mkamuulize."

Yeye alisema kwa mzaha. Binti aliichukua kama ahadi. Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi, saa 11:30 alfajiri, tulitoka na baiskeli mbili: ya kwangu, ninayoendea kazini, na Phoenix ya mjomba wake tuliyoiazima. Mbele yetu kulikuwa na kilomita zipatazo 50.

Wanaoamka kabla ya adhana

Ukitaka kujua mji unaishi kwa jasho la nani, toka nje yake kabla ya jua. Sisi tulikuwa tunatoka, wao walikuwa wanaingia: wanaume wenye magunia ya mkaa yaliyopangwa kwenye keria na kufungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu, wengine na matenga ya maembe, wengine na kuni. Wengi hawapandi. Wanasukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kijiti kilichochomekwa nyuma ya kiti ili mzigo usilale.

Mmoja alikuwa ameegesha mkaa wake kwenye mnazi, anapumzika. Binti akamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Mnakwenda wapi na giza hili?" Tulipomwambia Pangani, alitoka pale alipokaa, akainama bila kuuliza na kuibonyeza breki ya mbele ya ile Phoenix, kisha ya nyuma.

"Hii ya nyuma inashika kidogo. Ikaze," akasema. "Kengele ni ya kuwaambia watu. Breki ni ya kujiambia mwenyewe."

Yake haikuwa na breki hata moja. Alituonyesha kandambili yake ya tairi, kisigino kimelika upande mmoja: hiyo ndiyo anayoibana kwenye gurudumu akiteremka. Anatoka nyumbani saa nane za usiku ili afike sokoni kabla ya wenzake. Ana watoto wanne, na mkubwa yupo kidato cha tatu. Tulipomuuliza kama mkubwa huyo anaendesha, alisema ndiyo, na tukajua baadaye, alipotaja jina, kwamba ni wa kike. "Nani angempeleka?" akauliza. Kwake halikuwa suala la kujadiliwa na ukoo.

Jua lilitoka saa 12 na robo hivi, upande wetu wa kushoto, kutoka baharini. Huu ni msimu wa kaskazi, upepo unaotoka kaskazini mashariki, na kwa anayekwenda Pangani kaskazi ni rafiki, kwani unamsukuma mgongoni. Wazee waliosafiri kwa majahazi waliupangia mwaka wao wote upepo huo. Sisi ulitupunguzia tu kazi ya mapaja. Laiti tungekwenda Juni, kusi ingetukabili usoni na labda makala hii ingeishia Machui.

Pancha ya Machui

Na nusura iishie hapo kweli. Tulikuwa tumekaribia Machui gurudumu la nyuma la binti lilipoanza kulia pa, pa, pa, kisha likanyamaza na rimu ikagusa chini. Mwiba.

Pwani hii huhitaji kutafuta fundi baiskeli, unatafuta mwembe wenye kivuli. Chini yake kutakuwa na benchi, karai la maji, pampu, na tairi kuukuu lililotundikwa kwenye tawi kama kibao cha biashara. Tulimkuta mzee wa makamo ya miaka 70 akinywa chai ya rangi na kipande cha muhogo.

Aliitazama tairi, akamtazama binti. "Ya nani?"

"Yangu mimi, babu. Nimeazima."

"Basi njoo uizibe."

Nilifikiri anatania. Hakuwa anatania. Alimpa vijiko viwili vya kutolea tairi, akakaa na chai yake na kutoa maagizo kama imamu anayefundisha chuoni. Toa tyubu. Jaza upepo. Izamishe kwenye karai, izungushe polepole, tazama mapovu yanatoka wapi. Weka alama kwa msumari. Kausha. Kwaruza kwa msasa mpaka papoteze mng'ao. Paka gundi, ungoje ikauke kidogo, usiwe na pupa. Bandika kiraka. Gonga kwa nyundo ya mti. Halafu, na hapa alinyanyua kidole, pitisha mkono ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu, maana mwiba bado umo.

Ulikuwemo. Binti aliutoa kwa meno ya koleo, akaushika juu kama aliyepata dhahabu.

"Asiyejua kuziba pancha hana baiskeli, ana mzigo," mzee akasema. "Siku itatoboka mbali na nyumba za watu. Atakuja mtu mwema au atakuja mtu mbaya. Wewe usingoje kujua ni yupi."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilifikiria bei, umbali na maneno ya watu. Mzee alilifikiria kwa sababu kwa miaka zaidi ya 40 amekuwa akiona nani anafika kwenye mwembe wake akisukuma na nani anafika akilia. Alituambia pikipiki zimemnyang'anya wateja wa mjini, ila siku hizi anapata wanafunzi, na wateja wake wa asubuhi ya Jumatatu ni sare tupu. Alitudai Sh500 za kiraka na gundi. Za kazi alikataa, maana kazi hakuifanya yeye.

Makaburi ya Tongoni

Tongoni iko kama kilomita 20 kutoka mjini. Wenye haraka hupita bila kugeuza shingo. Sisi tuliteremka, tukasukuma baiskeli hadi kwenye magofu.

Hapa palikuwa na mji wa Waswahili uliostawi katika karne za 14 na 15. Msikiti wake umebaki kuta na kibla. Kuuzunguka kuna makaburi ya mawe ya matumbawe zaidi ya 40, baadhi yakiwa na nguzo, ingawa nyingi zimekwisha kuanguka na kulala ubavuni. Vasco da Gama na Wareno wake walipita kwenye maji haya mwaka 1498, na mwaka uliofuata, wakirudi kutoka Bara Hindi wakiwa wamepungukiwa na mabaharia, waliichoma moto meli yao moja, São Rafael, kwenye mafungu ya pwani hii. Mji nao ukapungua watu miaka ilivyokwenda. Wazee husema hata jina lenyewe, Tongoni, ni la mahali palipohamwa.

Binti alitembea kati ya makaburi bila kusema kitu, kisha akauliza swali la mtoto wa darasa la saba aliyefaulu: "Mama, hawa watoto wao walisoma wapi?" Nikamwambia pengine hapo hapo msikitini, hatua chache kutoka mlangoni kwao. Akasema, "Basi walikuwa na bahati."

Nyuma ya magofu mikoko inaanza, na bahari ilikuwa imetoka, tope linang'aa, kaa wadogo wekundu wanakimbilia mashimo yao. Wanawake wawili walikuwa wanarudi na ndoo za chaza. Tulinunua madafu mawili, tukala vitumbua tulivyobeba, tukapanda tena.

Lori

Kipande kilichofuata ndicho nilichokihofia tangu mwanzo. Kwa miaka mingi barabara ya Tanga hadi Pangani ilikuwa ya udongo. Ilikula matairi na kukusanya vumbi, lakini magari yalikwenda pole kwa kulazimika. Ujenzi wa lami umeibadilisha. Safari imekuwa fupi, mgonjwa anafika hospitali mapema, samaki anafika sokoni hajachina. Na magari yanakimbia.

Tulikuwa tunakwenda mmoja nyuma ya mwingine, kushoto kabisa, mimi nyuma. Lori lilitoka nyuma yetu likapiga honi likiwa tayari ubavuni mwangu. Upepo wake ulinisukuma. Mbele yangu niliona usukani wa binti unacheza, gurudumu likatoka kwenye lami likaingia kwenye mchanga, na akaanguka upande wa majani. Lori halikusimama.

Alikuwa amechubuka goti na kiganja, basi. Alikaa chini, akapumua, machozi yakamlenga lakini hayakutoka. Nilimwosha kwa maji ya kunywa. Nilikuwa natetemeka kuliko yeye, na nilitaka kumwambia turudi.

Msomaji, hili si la kulipuuza kwa sababu tunapenda baiskeli. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndicho chanzo cha kwanza cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka. Zaidi ya nusu yao ni wale wasio na bati la kuwakinga: waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Mtoto anayekwenda shule kwa bodaboda yumo humo. Anayekwenda kwa miguu pembeni ya lami naye yumo humo. Swali la mzazi, kwa hiyo, haliwezi kuwa baiskeli ni hatari au si hatari. Ni njia ipi, saa ngapi, na mtoto anajua nini.

Binti aliinuka mwenyewe. Akanyoosha usukani kwa kulibana gurudumu katikati ya magoti, jambo alilomwona fundi akilifanya asubuhi ile. "Twende, mama," akasema. "Tumeshavuka nusu."

Mama wa Kigombe

Kigombe ni kijiji cha wavuvi. Watafiti wa bahari wanakijua kwa sababu ya silikanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa kutoweka pamoja na madinosaria mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2003 nyavu za wavuvi wa Tanga na Kigombe zilianza kuwanasa mara kwa mara, na mwaka 2009 serikali ikaitangaza pwani hii kuwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti.

Tulifika saa tatu na nusu. Ngalawa zilikuwa zimekwisha kupanda mchangani na mnada wa samaki unakaribia kwisha. Wachuuzi wa baiskeli walikuwa wanafunga matenga yao: changu, tasi, vibua, juu yake majani mabichi. Hao hawana muda wa salamu. Wanashindana na jua, kwa kuwa barafu yao ni miguu yao.

Kati yao alikuwapo mwanamke mmoja, umri wangu au zaidi kidogo. Gauni, suruali ndani yake, ushungi umefungwa nyuma ya shingo, na nyuma ya baiskeli beseni la samaki wa kukaanga lililofunikwa kwa kanga. Anazunguka vijiji vya ndani na kwenye kambi za wakata mkonge. Binti alimkodolea macho mpaka nikaona haya.

"Unashangaa nini, mwanangu?" akamuuliza.

"Baiskeli, shangazi. Bibi yangu anasema..." Akasita.

"Anasema utaharibika." Yule mama akacheka kwa sauti. "Hata mimi waliniambia. Waliniambia sitazaa. Nina watano. Waliniambia sitaolewa, nikaolewa mara mbili, ya pili nikaondoka mwenyewe kwa baiskeli hii. Sasa wale wale waliosema ndio wananingoja na sahani."

Wanaume waliokuwa karibu wakaangua kicheko, na mmoja akasema kweli tupu, ukichelewa beseni hukuti mkia.

Tucheke, lakini neno lile ndilo lililokuwa moyoni mwa bibi, na ndilo linalowashusha mabinti wengi kwenye baiskeli, kwa hiyo tuliseme wazi kama ukurasa wa familia unavyopaswa. Kuendesha baiskeli hakumwondolei msichana ubikira wala hakudhuru kizazi chake. Ubikira si kitu kinachopimwa mwilini. Kile kiwambo ambacho watu hukitazama hutofautiana kutoka msichana mmoja hadi mwingine tangu kuzaliwa, huweza kutanuka kwa michezo na kwa shughuli za kawaida, na hakuna daktari anayeweza kusoma humo tabia ya mtu. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko kwamba upimaji wa ubikira hauna msingi wa kitabibu na ukomeshwe. Anayemkataza binti baiskeli kwa sababu hiyo, kisha akamwacha atembee kilomita 14 kwa siku katikati ya watoa lifti, analinda mlango na kuacha dirisha wazi.

Katika mkonge

Baada ya Kigombe mkonge unatawala. Mistari ya kijani inakwenda mpaka macho yanachoka, na hewa inapata harufu ile ya uchachu ambayo mtu wa Tanga akiisikia ugenini hukumbuka kwao. Wakataji walikuwa wakimaliza kazi, maana huanza alfajiri kukimbia jua. Majani hufungwa mafungu na kusombwa hadi korona kwenda kutolewa nyuzi.

Mmea huu si wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Kutokana na hiyo 62 nchi hii ilikuja kuongoza dunia kwa katani, na manamba wakaletwa kutoka mikoa ya mbali kuja kuikata. Familia nyingi za Tanga leo ni wajukuu wao. Nilimsimulia binti hayo tukiwa tunakanyaga, naye akahesabu kwa sauti ya kukatika pumzi: "Kumbe sitini na mbili zinatosha."

Hapo ndipo pikipiki ilipotufikia kutoka nyuma, ikapunguza mwendo, ikaenda sambamba naye. Kijana, kofia ameigeuza nyuma. "Mrembo, jua kali hili! Panda nikupeleke Pangani, baiskeli mama ataikokota."

Nilifungua mdomo. Binti alinitangulia. "Ahsante kaka, nina changu." Hakugeuza shingo wala hakuongeza mwendo. Yule kijana alicheka, akapiga honi, akaondoka.

Maneno matatu, manne. Lakini nilimtazama mgongo wake na shati lililolowa jasho, nikaona kitu ambacho mahubiri yangu yote ya jikoni hayakuwa yamekifanya. Msichana anayetembea akikataa lifti anabaki na jua na umbali. Yeye alikataa, na akaendelea na safari yake kwa mwendo ule ule.

Hukumu ya bibi

Tuliingia Pangani saa sita kasoro dakika chache, miguu imekuwa ya mti. Mji mdogo, mkongwe, mdomoni mwa mto, wenye nyumba za mawe na milango ya kuchonga. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim Desemba 1889 baada ya vita yake ya kuipinga kampuni yao. Pantoni lilikuwa linavuka kwenda Bweni.

Bibi alikuwa barazani anapeta mchele. Alituona kutoka mbali, ungo ukasimama hewani.

"Mmekuja na nini?"

"Na baiskeli, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mke mwenza." Hakusema zaidi. Alimwita karibu, akamwangalia goti. "Nani kakuangusha?"

"Lori, bibi."

"Hilo ndilo ninaloliogopa mimi," akasema, na akanitazama mimi. "Mengine nayasema kwa kuwa nilisemewa."

Tulioga, tukala wali na samaki wa nazi, tukalala mpaka alasiri. Tulipoamka tulimkuta bibi uani, amesimama kando ya ile Phoenix, anabana breki na kuachia, anabana na kuachia. Akatoa masharti yake moja moja kama anayehesabu shanga za tasbihi. Suruali ndani ya sketi. Asipite barabara kuu kama kuna njia ya ndani. Magharibi imkute nyumbani. Asimpakie mtu, asipakiwe. Na asiende peke yake, atafute mwenzake.

"Na baba yake amwambie nani haya?" nikauliza.

"Mwanangu? Yeye mwambie nimesema anunue yenye breki mbili."

Tulirudi kwa basi dogo la jioni, baiskeli zimefungwa juu ya paa.

Kabla ya kumkabidhi mtoto baiskeli

Kwa wazazi wanaofikiria jambo hili, haya ndiyo tuliyoyafanya baada ya safari ile, mengi tukiwa tumeyaokota njiani.

Pimeni njia pamoja. Baba yake alitumia Jumapili mbili kuendesha naye hadi shuleni na kurudi. Walipata njia ya ndani inayopita nyuma ya makazi. Ni ndefu kwa karibu kilomita moja, lakini inavuka lami mara moja tu, mahali panapoonekana pande zote.

Kimo kwanza, rangi baadaye. Akikaa kitini ncha za miguu yake ziguse chini. Baiskeli ya kukulia humwangusha mtoto mwaka mzima kabla hajaikulia.

Kagua breki mbili, upepo na mnyororo kila Jumapili jioni, na mtoto ndiye akague wewe ukiangalia. Weka taa au kiakisi mwanga nyuma. Kofia ngumu ikipatikana, inunuliwe. Mkoba ufungwe kwenye keria, usining'inie kwenye usukani.

Mfundishe kuziba pancha, na umpe kimfuko chenye kiraka, gundi, msasa na pampu ndogo.

Na ongeeni na shule. Mwalimu mkuu alikubali kutenga ukuta wenye kivuli, na wazazi wachache tukachanga bomba la chuma la kufungia minyororo. Lilitugharimu kidogo kuliko tulivyodhani.

Tulinunua ya mtumba, rangi ya buluu iliyochubuka, kwa Sh150,000 baada ya mabishano marefu. Sharti la mwisho la bibi ndilo lililotusumbua zaidi, la kupata mwenzake. Mtaani kwetu kuna mabinti watano waliopangiwa shule ile ile. Wiki ya kwanza binti yetu alikwenda na kaka wa jirani. Wiki ya pili mama mmoja alikuja kuuliza bei. Hivi sasa wanatoka watatu, saa 12 kasoro robo, mmoja nyuma ya mwingine, upande wa kushoto. Wazazi wa wale wawili waliobaki bado wanashauriana. Mmoja wao aliniambia juzi kwamba kwao pia kuna bibi, yuko Muheza, nami nikamwambia Muheza si mbali.